Meza ya Kondoa 1916: nijenge ubao mzima au vipande vya kupangua?

Mkazi wa Ipagala

Wakuu, habari za jioni. Mimi na shemeji yangu tunacheza michezo ya vita ya mezani, na tuna sanamu za askari wadogo wa milimita 28: upande mmoja Schutztruppe (jeshi la koloni la Wajerumani) na askari wao wa Kiafrika, upande wa pili Waafrika Kusini wa Jenerali van Deventer, waliopigania Waingereza. Tunataka kucheza Kondoa Irangi, Mei 1916, pale kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipojaribu kuwang'oa hao Waafrika Kusini usiku. Askari wameshapakwa rangi, kilichobaki ni uwanja. Meza ni ya futi 6 kwa 4, tupu kabisa. Mtandaoni naona nyumba za Ulaya zenye mapaa ya mteremko na miti ya misonobari, na usafiri wake unazidi bei ya kitu chenyewe. Mimi nimekulia Kolo, nataka meza ionekane kwetu: mawe, mibuyu, matembe (zile nyumba za udongo za asili).

Je, nichonge ubao mmoja mkubwa wenye kila kitu, au nitengeneze vipande vya kupanga na kupangua? Nina stairofomu nyingi za boksi la friji. Nafasi ya kuhifadhi ni kona ya stoo tu.

Fundi_Nkuhungu

Ndugu, tengeneza vipande. Ubao mmoja utaucheza mara mbili, ya tatu kila mtu anajua mzinga unawekwa wapi. Vipande unavihamisha, na kona ya stoo inakutosha.

Kabla ya kukata chochote, fikiria Mei. Van Deventer aliingia Kondoa Aprili, mvua zikamkatia njia ya chakula nyuma yake, farasi na watu wakaugua. Kwa hiyo usipake Dodoma ya Septemba. Mei nyasi bado ndefu, zinaanza tu kugeuka njano kwenye ncha, na udongo wa Kondoa ni mwekundu hasa. Hiyo rangi ndiyo itakayomwambia mtu yuko wapi kabla hajaona nyumba.

Anza na mawe, maana ndiyo yanayoamua mchezo. Wengi wanatumia magome ya miti kama miamba. Kwa nchi nyingine sawa, kwetu hapana: gome linatoa mwamba wa matabaka uliopasuka-pasuka, na mawe ya huku ni ya mviringo, makubwa, yamekaliana. Kata stairofomu vipande vya ukubwa tofauti, ondoa kona zote kwa kisu chenye makali, kisha sugua kwa msasa mpaka yaviringike. Panga jiwe kubwa chini, dogo juu yake, na uache ufa wa giza katikati. Gundisha kwa gundi nyeupe ya mbao. Halafu koroga unga wa kuskimu ukuta na maji na gundi kidogo, upake kwa brashi ili zile punje za stairofomu zisionekane. Mkono mwembamba, ukauke, rudia. Kwa hewa yetu kavu ukipaka mzito utapasuka.

Rangi iwe ya maji. Ile ya kopo ya kupuliza inayeyusha stairofomu, ikigusa sehemu moja tu isiyofunikwa inachimba shimo. Paka kijivu, pitisha brashi karibu kavu yenye kijivu cheupe juu ya migongo ya mawe, halafu chora michirizi myeusi ya kushuka, pale maji ya mvua yanapopita kila mwaka. Nenda katazame mlima wowote hapa mjini saa kumi jioni utaiona vizuri. Hiyo michirizi usiiache.

Kimo: sentimita 7 hivi, ili jiwe lifiche kabisa askari aliyesimama. Mawe ya kufika kiunoni yanapendeza lakini hayazuii macho, na uwanja usiozuia macho unamaliza mchezo kwa bunduki za mbali kabla watu hawajasogea. Acha vibaraza bapa vya sentimita 3 na zaidi, vitako vya askari wako, yaani vile vibao wanavyosimamia, vikae bila kuteleza.

Ukitaka kujua kama vipande vyako vya uwanja vimetosha, sukuma vyote kwenye robo moja ya meza. Vikiijaza, vimetosha.

Binti Mvumi

Nakazia hilo la robo ya meza.

Mimi naongezea mibuyu, ndiyo kazi ninayoipenda. Chukua binding waya za mafundi nondo, sokota mafungu pamoja upate shina, ncha za juu zitawanye ziwe matawi mafupi yaliyopinda. Zungushia karatasi ya chooni iliyolowa gundi na maji, shina linene chini, na kabla haijakauka ikunje kwa kucha ipate mikunjo ya gome. Mbuyu wa mita 20 kwa kipimo chako ungekuwa sentimita 36, utafunika meza na mikono itaugonga. Fanya 16 au 17, ila unene usipunguze. Unene ndio mbuyu.

Vichaka tumia dodoki lililokatwa-katwa, ukalipaka kijani kilichofifia.

Mkazi wa Ipagala

Asanteni sana. Na matembe? Nimeona picha za zamani tu, na bibi alikuwa na moja lililobaki ukuta.

Fundi_Nkuhungu

Tembe ni zawadi kwa mchezo huu. Ni fupi, ukuta wa sentimita 4 unatosha, na paa ni bapa la udongo, kwa hiyo askari wanapanda na kupiga kutoka juu. Jenga pande tatu kuzunguka ua, mlango mmoja mwembamba. Ukuta ni kadibodi ngumu, juu yake udongo halisi uliochekechwa kwa chujio la chai na kukorogwa na gundi. Boriti zinazochomoza chini ya paa ni njiti za ufagio wa chelewa. Paa lisigundishwe, ulinyanyue watu wakiingia ndani. Vitako vyote vya nyumba na mawe kata kwenye hadibodi na upake rangi pande zote mbili, ukipaka upande mmoja itajikunja.

Mpita Njia Kibaigwa

Mimi siafiki kujenga vilima kabisa. Weka vitabu na maboksi mezani, tandika shuka la rangi ya udongo juu, umepata mabonde kwa dakika tano na stoo inabaki wazi. Mawe na matembe panga juu yake.

Fundi_Nkuhungu

Kwa vilima vya mbali nakubali, mteremko ukiwa wa pole. Ukiwa mkali askari wanaanguka na rangi inabanduka. Ila Kondoa bila makorongo si Kondoa, na shuka halitoi korongo.

Mkazi wa Ipagala

Hapo hapo mkuu. Korongo nalichimbaje kwenye meza bapa?

Fundi_Nkuhungu

Huchimbi, unainua kingo. Tengeneza vipande virefu vya stairofomu vya kimo cha sentimita 3, upande wa nje uteremke taratibu mpaka ufike usawa wa meza, upande wa ndani uwe wima na mwekundu mbichi, wenye mikwaruzo ya kushuka. Viweke viwili vikitazamana, vikiachana sentimita 8, na katikati mwaga mchanga mweupe wa mtoni. Usivinyooshe, vipinde. Na kimoja kiache na ukingo uliobomoka, ndipo kikosi kitapandia.

Mkazi wa Ipagala

Nimeelewa. Jumamosi naanza na makorongo.