Tusheni ya nyumbani: asubuhi nzima iko wazi, kazi haiishi

mwalimu_bamburi
Asalaam aleikum wana jukwaa. Nafundisha hesabu na sayansi sebuleni, watoto 14 wa gredi ya 7 hadi ya 9, wote pamoja, Jumatatu mpaka Alhamisi, saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Wa gredi ya 9 wana KJSEA, mtihani wao wa taifa, mwisho wa mwaka, hao hawana mchezo. Asubuhi sina mwanafunzi hata mmoja, lakini ikigonga saa 9 alasiri bado nasahihisha madaftari ya jana na somo la leo sijaligusa. Wenzangu mwapangaje siku?

chaki_nyeupe
Wa aleikum salaam mwalimu. Asubuhi haina kosa, inaliwa na madaftari. Piga hesabu: 14 kwa dakika 6 ni dakika 84, kila siku ya Mungu.

Dakika 10 za mwanzo wa kipindi wabadilishane madaftari, wasahihishe kwa penseli wewe ukisoma majibu. Hiyo ni kwa hesabu tu. Maswali ya kueleza ya sayansi usiwape, mtoto humpigia rafikiye vema hata jibu likiwa nusu. Wewe kusanya swali moja, lile lenye hatua nyingi, kwenye karatasi ya kando, na ukisahihisha andika kosa lenyewe, si alama peke yake. Mfano: "amehamisha −3x upande wa pili bila kugeuza alama". Wakifika wanne wenye kosa hilo hilo, basi robo saa ya kwanza ya kipindi kijacho umeshaipata. Ndivyo maandalizi yanavyopungua, si kwa kuamka alfajiri.

Kuandaa iwe saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Msimu wa kaskazi, ikipita saa 5 joto la sebuleni halikuachi ufikirie kitu.

bint_kuze
Nakubaliana na chaki, ila ratiba yenyewe ndiyo mbovu, samahani mwalimu. Saa 10 hadi saa 1 inakatwa katikati na magharibi. Watoto wakitoka kuswali hurudi mmoja mmoja, na robo saa huwa imekwenda. Tena magharibi yetu haikai pahali pamoja: Novemba mapema huwa kama saa 12 na dakika 10, Februari inasogea karibu nusu saa mbele. Ratiba uliyoipanga Februari itakuumbua Novemba.

Wagawe. Gredi ya 7 na ya 8 Jumatatu na Jumatano, ya 9 Jumanne na Alhamisi, saa 10 kamili hadi 11:50. Alasiri imeshaswaliwa, magharibi haijaingia. Saa kwa kila mtoto zinapungua, kweli, lakini sasa hivi gredi ya 9 wanakungoja ukieleza hesabu za sehemu kwa wa 7.

wino_mweusi
Nyongeza kwa wanaochapa karatasi nyumbani. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, karatasi zikikaa wazi zinashikana na printa inavuta mbili kwa pamoja au inakwama. Toa kama 30 tu kwenye rimu, zilizobaki zifunge kwenye mfuko wa plastiki, na kabla ya kuzitia zipepee kwa kidole gumba. Chapa ya wiki nzima siku moja asubuhi. Ukingoja saa 9 alasiri, siku hiyo ndiyo stima itapotea.

shangazi_likoni
Hakuna aliyegusa simu, na simu ndiyo inayomaliza asubuhi. Wazazi wajue unajibu ujumbe saa 7 hadi saa 8 mchana, basi. Majirani nao wakisikia uko nyumbani watapiga hodi; usikae barazani na madaftari, ingia chumba cha ndani.

Ada: mwisho tarehe 5, kupitia namba ya till ya M-Pesa, ile ya kupokea malipo ya biashara, isichanganyike na pesa za nyumbani. Shida ya till ni kwamba haina pahali pa kuandika jina la mtoto, na mara nyingi anayelipa ni mjomba ambaye jina lake hulijui. Mzazi akutumie ule ujumbe wa M-Pesa pamoja na jina la mtoto na mwezi, nawe unakili msimbo daftarini siku hiyo hiyo. Ukiacha hadi mwisho wa mwezi, utakesha ukitafuta nani kalipa.

mwalimu_bamburi
Shukran nyote. Bint Kuze, wawili wa gredi ya 9 wana madrasa Jumanne jioni. Hao je?

bint_kuze
Watie Jumatano na wadogo, meza ya kando, na lile swali moja la chaki pamoja na karatasi ya Jumanne. Kazi yao uisahihishe wakati wadogo wanafanya zoezi. Wakizidi watatu, badilisha siku ya kundi zima.