Mchambuzi yule wa jioni ameicheka ligi ya Ufaransa hewani na kunikatia simu

Wadau wa soka, salaam. Ninaandika huku mikono ikinitetemeka kwa hasira, kwa kuwa kipindi kimemalizika sasa hivi na yule bwana, ambaye hakuna haja ya kumtaja kwa sababu nyote mnamjua kwa sauti na kwa majivuno yake, ameniaibisha mbele ya nchi nzima. Nilimwuliza kwa heshima zote kwa nini hatengi hata dakika chache za kuzungumzia Ligue 1, ilhali Mbwana Samatta wetu alisajiliwa na Le Havre mwaka 2025. Akacheka. Alicheka kicheko kirefu ambacho mtu angeweza kwenda sokoni, akanunua nyanya, akarudi na kukikuta hakijaisha, kisha akasema kwamba ile ni ligi ya mchangani, na simu ikakatwa.

Mchangani! Mwaka 2025, katika Ligi ya Mabingwa Ulaya, Paris Saint-Germain waliwatoa Liverpool, Aston Villa na Arsenal, mmoja baada ya mwingine, halafu kwenye fainali wakaifunga Inter Milan mabao 5-0 kule Munich, na hakuna fainali nyingine ya kombe hilo iliyowahi kumalizika kwa tofauti kubwa kama ile. Désiré Doué, kijana wa miaka 19, alimtengea Achraf Hakimi bao la kwanza, kisha akafunga mawili yake mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba bwana huyu ni shabiki wa Arsenal na hulitangaza hilo kila jioni. Arsène Wenger, aliyewapa msimu wa 2003/04 bila kupoteza mechi hata moja ya ligi, alikuwa amekwisha kuipa Monaco ubingwa wa Ufaransa mwaka 1988, na William Saliba anayemsifu hadi koo linamkauka alitoka Saint-Étienne. Hata Kombe la Ulaya lenyewe, lililoanza mwaka 1955 na ambalo sasa ndilo Ligi ya Mabingwa, lilikuwa wazo la gazeti la Kifaransa, L'Équipe. Na bado alicheka! Alicheka nikiwa katikati ya kueleza kwamba Le Havre ndiyo klabu waliyopitia Paul Pogba na Riyad Mahrez. Sitaki maelezo, nataka aombe radhi hewani, saa ileile aliyonicheka.

Mzee wa Bandari: Pole, ndugu yangu, lakini kicheko kimoja umekiandikia risala. Mimi nilisikiliza kipindi hicho. Ulisalimia ukoo mzima na majirani kabla ya kufika kwenye swali. Hata mimi ningekata.

Damu ya Marseille: Mwanzisha uzi ametukosea kuliko huyo mchambuzi. Anaitaja Munich ya 2025 na kuiruka Munich ya 1993, ambako Basile Boli aliifunga AC Milan kwa kichwa na Marseille ikawa klabu ya kwanza ya Ufaransa kulitwaa kombe hilo.

Mwana Lubumbashi: Nyinyi mnagombea makombe, nasi Wakongomani tuseme nini? Claude Makélélé na Steve Mandanda wote wawili walizaliwa Kinshasa, na wote wawili wakaichezea Ufaransa. Malalamiko ya kweli ni hayo.

Mjane wa Bordeaux: Afadhali nyinyi. Klabu yangu imekuwa bingwa wa Ufaransa mara 6, Zidane aliichezea kabla ya kwenda Juventus, na mwaka 2024 ikaachia hadhi ya klabu ya kulipwa na kuangukia daraja la nne. Uzi wangu ataufungua nani?

Mzee wa Bandari: Bordeaux ni msiba, sikatai, lakini kinachoninyima usingizi ni fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar 2022, Ufaransa na Argentina. Mabao ni 3-3, muda wa nyongeza unakwisha, Randal Kolo Muani wa Ufaransa amebaki yeye na kipa, na kipa huyo, Emiliano Martínez, anauzuia mpira kwa mguu wa kushoto. Mbappé alikuwa anakuja katikati. Kwa nini hakumpa pasi?

Damu ya Marseille: Angempaje, na mpira unadunda mbele yake? Hapo ni kupiga tu.

Mjane wa Bordeaux: Kupiga ni sawa, ila angeuinua juu ya kipa. Martínez alikuwa amekwisha kutoka golini.

Mzee wa Bandari: Kwa mwendo ule auinue vipi? Rudieni kutazama mkanda wa mechi, kisha tuendelee.