Mahindi gunia 20 kwa miezi minane: mifuko ya PICS, kihenge cha chuma au dawa ya unga?

Kibaba: Wakuu, naomba ulinganisho. Gunia 20 za debe sita sita, zimeshapukuchuliwa, ziko Kongwa, Dodoma. Nane ni chakula cha nyumbani, 12 zinasubiri bei ya Februari. Dumuzi, wale wadudu watoboa mahindi, huku wamejaa. Nichukue mifuko ya PICS (nailoni mbili zisizopitisha hewa ndani ya kiroba), kihenge cha chuma cha fundi bati, au dawa ya unga kwenye viroba vya kawaida?

MzeeWaGhala: Mahindi ya kula na ya kuuza usiyahifadhi namna moja. Mfuko na kihenge vyote havina sumu. Mdudu anajimaliza mwenyewe kwa kuivuta oksijeni iliyobaki ndani. Kila ukifungua, unampa pumzi mpya. Kihenge kinachofunguliwa kila wiki kupata debe la kusaga kinageuka zizi la fukusi, wadudu wengine wa nafaka. Kwa hiyo gunia nane za kula ziende kwenye mifuko: unafungua mmoja, saba inabaki imefungwa. Zile 12 zikitoka siku moja, kihenge kinafaa, ila kwa msimu mmoja tu hakirudishi gharama. Kihesabu kwa miaka kumi au zaidi.

Mwikali_K: Kabla ya chombo, unyevu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka) mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa katikati ya janga hilo, na mahindi yaliyohifadhiwa mabichi yalichangia pakubwa. Chombo kisichopitisha hewa hakikaushi kitu; ukiingiza mabichi, yanavunda humo humo.

Pima kwa chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka, jaza mahindi theluthi moja, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikigandia kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda usishangilie bado, kwa sababu kinachotakiwa ni 13.5 kushuka chini. Anika siku moja au mbili zaidi juu ya turubai, kisha yaache yapoe kivulini. Ukiyafunga yakiwa ya moto, usiku mvuke unaganda juu na ukungu unaanzia hapo.

Kibaba: Asante dada. Na dumuzi si anatoboa mbao sembuse nailoni?

MzeeWaGhala: Anatoboa akiwa bado na hewa. Ndiyo maana namna ya kufunga ndiyo kila kitu. Kwanza jaza mfuko wa ndani hewa, zungusha mdomo, bana na usikilize kama unavuja. Fanya hivyo kwa nailoni zote mbili. Pepeta vizuri, ondoa vipande vya magunzi maana vinatoboa nailoni. Jaza huku ukishindilia, acha shingo ya sentimita 30 hivi, kamua hewa, sokota, kunja shingo iwe kitanzi, funga kwa kamba ya mpira. Nailoni ya pili vivyo hivyo, kisha kiroba cha nje. Mfuko uliojazwa nusu una hewa nyingi, na hapo ndipo matundu yanapotokea. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta. Panya hanusi mahindi yaliyofungwa vizuri, lakini akipata pa kujificha atatafuna tu.

FundiBati: Kwenye kihenge, pima mwenyewe. Tani moja inataka mita za ujazo 1.4: kipenyo cha mita 1, kimo karibu mita 1.8. Ukiletewa cha mita 1.5 ukaambiwa ni tani, kinaingia kilo 850 tu. Kabla ya kulipa, mtu aingie ndani kifunikwe mchana. Akiona nukta ya mwanga, lehemu haijashika. Mdomo wa juu na wa chini ufungwe kwa mpira wa tyubu. Mshumaa unaowashwa juu ya mahindi kabla ya kufunika ni msaada mdogo, maana unazimika oksijeni nyingi ikiwa bado ipo. Kazi yenyewe inafanywa na kihenge kilichojaa hadi juu. Kisikae juani.

Pembejeo_Dom: Dawa msiidharau, ndiyo nafuu kuliko zote mwanzoni. Ila kwa dumuzi ichague yenye viambato viwili, pirimifosi-methili na permethrini: cha kwanza kinashughulika na fukusi, cha pili na dumuzi. Kipimo kiwe cha lebo, kwa mizani, si kwa kiganja. Mwaga mahindi kwenye turubai, nyunyiza, geuza kwa koleo mpaka vumbi lienee. Kwa miezi minane utarudia angalau mara moja. Inaposhindwa, mara nyingi mahindi yalikuwa na vumbi au unyevu, au dawa ni feki. Na ya kula lazima yasubiri siku zilizoandikwa.

Kibaba: Basi mifuko 20 mwaka huu. Inarudiwa kutumika?

MzeeWaGhala: Misimu miwili mitatu. Kila msimu rudia kipimo cha hewa. Tundu moja dogo ziba kwa utepe wa gundi pande zote mbili. Yakiwa mengi badilisha nailoni hiyo tu, kiroba cha nje bado kinafaa.

Mwikali_K: Na usiviweke vidonge vya fosfini (vya kufukiza wadudu kwa gesi) ndani ya mifuko eti kuongeza nguvu, hasa kama ghala ni chumba cha kulala. Gesi hiyo inaua watu.