Naombeni ushauri: naacha kaunta niingie kwenye dagaa, ila usiku silali

MamaWawili_Igoma: Wakuu habari za jioni. Nina miaka 34, mwaka wa 9 huu niko kaunta kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza mjini. Mshahara mdogo lakini unaingia, kiti changu kipo, chai ya saa 4 ipo, na kila mwaka naandika kwenye daftari mwakani naanza cha kwangu. Nimechoka kuandika. Nataka nichukue dagaa visiwani nilete Mwaloni Kirumba, nikizoea nipeleke mpaka Dodoma. Mtaji milioni 3 ninao. Je nianze huku nipo kazini au niache kabisa nikomae na kitu kimoja?

Mzee wa Kamanga: Mdogo wangu acha hicho kiti. Watu wa mshahara mnazeekea kwenye chai ya saa 4.

Fundi_Nyakato: Mume anasemaje kwanza?

MamaWawili_Igoma: Kaka, wanangu nalea peke yangu. Nimeuliza habari ya kazi.

BintiKigongo: Dada mimi sikuacha, niliachishwa na daraja. Nilikuwa nauza samaki wa kukaanga pale kivukoni, watu wanasubiri kivuko wanakula, siku haiishi sijamaliza beseni. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 mtu anakatiza ndani ya gari hata kioo hashushi. Kinachoniuma nguzo niliziona zinapanda miaka yote ile na sikujiandaa, nilikuwa najisemea bado bado. Saa hizi nakaanga Usagara jioni, wateja nimeanza kuwatafuta mmoja mmoja upya.

Mkerewe_Mvuvi: Pole binti. Wewe wa dagaa, hiyo milioni 3 ni yako yote?

MamaWawili_Igoma: Ni mtaji wangu. Na niseme tu ukweli, wiki iliyopita nimeshachukua gunia 14 Ukerewe, na barua ya kuacha kazi nimepeleka Jumatatu, notisi ya siku 28.

Fundi_Nyakato: Kumbe umeshaamua! Sasa sisi tunashauri nini hapa 😂

Mkerewe_Mvuvi: Hujanijibu. Yote ni yako?

MamaWawili_Igoma: Milioni 1.2 ni ya kikoba. Mimi ndiyo mweka hazina. Nimejikopesha, mwenyekiti anajua, wengine nilipanga niwaambie nikishauza. Tunavunja Desemba na nitairudisha na riba yake. Siyo wizi. Ningeomba mbele ya wote wangenizungusha mpaka msimu upite, nawajua.

Bibi_Buhongwa: Mwanangu, kikoba chetu kilikufa hivyohivyo, wanawake 22, mpaka leo wawili wakikutana sokoni hawasalimiani. Sanduku linafungwa kufuli 3 na funguo zinakaa kwa watu 3, ni ili mtu asiachwe peke yake na kishawishi. Mungu anakuona unahangaikia watoto, lakini kawaambie.

Jicho_Nyegezi: Wakuu mnanyweshwa chai hapa. Wiki iliyopita mwezi ulikuwa mpevu, usiku kweupe pee. Dagaa anavuliwa gizani kwa taa, mbalamwezi ikiwaka hakusanyiki, mitumbwi inakaa nchi kavu watu wanashona nyavu. Gunia 14 za nini? Huyu hajawahi hata kufika mwaloni.

MamaWawili_Igoma: Siyo chai jamani, gunia ziko chumbani kwangu watoto wanalala sebuleni. Muuzaji aliniambia wametoka ziwani juzi yake.

Mkerewe_Mvuvi: Basi dada hadanganyi, kadanganywa. Huo ni mzigo wa stoo, unauzwa kwa wageni kipindi cha mbalamwezi sababu mpya hakuna. Fungua gunia, usiangalie za juu, ingiza mkono mpaka kwapani utoe za katikati. Dagaa wa kichanja anang'aa, ukimkunja anakatika. Aliyeanikwa mchangani akanyeshewa ana wekundu, anajikunja, ukitafuna mchanga unalia. Zikiwa hivyo wauzie watu wa chakula cha kuku mapema, usingoje zioze zote.

Mzee wa Kamanga: Na barua kairudishe, siku 28 bado.

MamaWawili_Igoma: Shikamoo mzee wangu, barua sirudishi. Nikirudi kwenye kile kiti sitoki tena, najijua.

MamaWawili_Igoma (saa 5 usiku): Nimefungua zote 14. Tisa ziko sawa ukizichekecha, 5 ni za kuku. Nimelia kidogo, nimenawa uso, nimempigia mwenyekiti. Jumapili anaita kikao, nitasema mwenyewe kabla sijaulizwa. Mkerewe, kaka yangu, giza linaanza lini?

Mkerewe_Mvuvi: Mwezi sasa unachelewa kutoka, kuanzia Jumatano mitumbwi inaingia ziwani. Ukitoka kikaoni njoo ukae siku 3 uone dagaa wanavyotoka majini mpaka kichanjani. Hela ya mzigo iache nyumbani, beba nauli tu.