MREJESHO: Nilipata mwalimu wa nota

Wakuu, miezi mitatu iliyopita niliuliza hapa kama mwanakwaya aliyezoea do-re-mi tu anaweza kujifunza nota za mistari mitano kwa mwalimu wa peke yake. Ahsanteni sana kwa ushauri. Nilimpata, na kila Jumamosi tunakaa saa nzima kwenye kinanda.

Kilichonifungua macho ni hiki: alichora shapu moja (alama ya #, inayopandisha sauti) kwenye mstari wa nota inayoitwa F, akasema, "Do yako imehamia G." Akaniimbisha ngazi nzima, kuanzia do hadi do ya juu, akanisimamisha kwenye ti, sauti ya saba. Kumbe ndiyo hiyo F iliyopandishwa nusu sauti! Miaka yote naiimba bila kujua. Kwenye darasa la watu wengi nisingethubutu kuuliza mara nne.

Mapigo ya 6/8 (sita katika kila kipimo cha wimbo) bado yananisumbua. Tunayarudia Jumamosi hii.