MJADALA: Mizaha yetu kwenye habari za sayansi ni ujinga ama ni maswali? Mimi wa Malindi nasema ni maswali

Salaam jamani. Huu mjadala umetukalisha barazani hapa Malindi tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, kahawa ikapoa kwenye vikombe na hatukuumaliza, kwa hivo naumwaga hapa kila mtu aseme lake. Swali lenyewe ni hili: ikitoka habari ya sayansi ama teknolojia, setilaiti imerushwa, sijui roketi imefanya nini, sisi kitu cha kwanza ni mzaha. Kabla mtu hajamaliza kuisoma habari ashachekesha watu. Sasa mizaha hii yatusaidia ama yatuharibia?

Aliyechokoza ni mwalimu mmoja mstaafu, mtu nnayemheshimu sana manake kafunza nusu ya mtaa huu. Kijana mmoja alikuwa na simu yake akatukumbusha ile habari ya Makueni, chuma kilichoanguka kijiji cha Mukuku tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya kipenyo cha kama mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likatoka likasema ni pete ya kutenganisha vipande vya roketi, ambayo kwa kawaida yatakiwa iungue huko huko juu ama ianguke baharini. Basi kijana hajafika mwisho mmoja ashasema "kilo mia tano! mwenye shamba amelala maskini kaamka na skrepa ya bure", mwengine akadakia "sisi twaomba mvua twaletewa vyuma". Baraza zima likacheka. Mwalimu akaweka kikombe chini akasema, "Wahindi tarehe 23 Agosti 2023 wameteremsha chombo kule karibu na ncha ya kusini ya mwezi, nyinyi mumekaa hapa mwapima kilo." Pakanyamaza kidogo.

Mimi nilimjibu kwa adabu na narudia hapa: mwalimu wangu, kwa hili umekosea. Ule mzaha wa kilo 500 ni swali, na ni swali zuri kushinda mengi yaliyoulizwa na watu wa kwenye runinga siku ile. Yule wa skrepa auliza chuma kikitoka juu kikaanguka shambani kwangu ni cha nani? Na jibu lake liko, limeandikwa. Mkataba wa anga za juu wa mwaka 1967 wasema kitu kilichorushwa huko juu chabaki mali ya mwenyewe hata kikianguka nchi ya mtu, kwa hivo skrepa ya bure hakuna. Lakini ukaja mkataba mwengine wa 1972 ukasema nchi iliyorusha yalipa hasara yoyote kitakayofanya kikianguka ardhini, hata kama haikufanya uzembe wowote. Na si maneno ya karatasi tu, mwaka 1978 setilaiti ya Urusi ya wakati ule, Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia ndani yake, iliangukia kaskazini mwa Kanada, Wakanada wakaokota vipande kwenye theluji wakapeleka madai ya kama dola milioni 6 za kwao, na 1981 Urusi ikakubali kulipa milioni 3. Sasa mwaonaje, yule kijana wa skrepa na mawakili wa Kanada si walikuwa wauliza kitu kimoja? Tofauti ni kwamba wale walijibiwa.

Haya, mzaha wa pili, na huu watu wa Malindi twaujua vizuri manake ni wetu. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilipopeleka setilaiti yake Taifa-1 angani, baada ya kuahirishwa siku kadhaa kwa sababu ya hali ya hewa, mzaha uliozunguka huku kwetu ulikuwa: "Tuna uwanja wa roketi Ngomeni halafu mzigo tumeupandisha ndege mpaka California, ni kama mvuvi kwenda kununua samaki Nairobi." Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikaumia. Manake ni kweli, kule Ngomeni, ghuba ya Ungwana, majukwaa ya Waitaliano yamesimama baharini hadi leo, San Marco na Santa Rita, miguu ya chuma ndani ya maji na wavuvi wetu wapita kando na ngalawa zao. Setilaiti ya kwanza ilirushwa pale Aprili 1967, na ya mwisho Machi 1988. Mtoto wa Malindi ayaona yale majukwaa anakua nayo na hakuna mtu amemwambia kwa nini mtu atoke Roma aje kujenga jukwaa la roketi kwenye maji yetu.

Kwa hivo barazani nikafanya hivi. Mpwa wangu alikuwa na pia, kile kidude cha watoto cha kuzungusha, aicheza pale chini, nikamwambia baba niazime. Nikaichovya kwenye ndoo ya maji nikaizungusha juu ya sinia ya kahawa. Matone yaliruka pale tumboni penye unene, moja likampata mwalimu kwenye kanzu, na pale juu karibu na ncha tone lilikaa tu halijui kama pia yazunguka. Nikawaambia dunia ndo hii pia, na tumboni ndo ikweta. Mtu aliyesimama ikweta achukuliwa na dunia kwa mwendo wa kama kilomita 1,670 kwa saa bila ya yeye kuhisi, na sisi Malindi tuko kama digrii 3 tu kusini yake, kwa hivo karibu mwendo wote huo twaupata. Roketi yahitaji kama kilomita 28,000 kwa saa ili ikae juu isirudi, basi ukiirusha kutoka hapa kuelekea mashariki ushapewa msukumo wa bure na mafuta umeokoa. Na mashariki yetu ni nini? Bahari tupu. Kipande cha chini kikimaliza mafuta kikaachiliwa, chaanguka majini. Ndo sababu ya Luigi Broglio, yule injinia Mtaliano ambaye kituo chapewa jina lake sasa, kuja huku na asirushe kwao.

Sasa jibu la mvuvi na samaki wa Nairobi. Taifa-1 ni kidude kidogo, ukubwa wa mkate mrefu wa dukani, na kazi yake ni kupiga picha za ardhi, mashamba na misitu. Setilaiti ya kazi hiyo hupitishwa juu ya ncha za dunia, kaskazini kwenda kusini, na dunia yazunguka chini yake ili kamera ipate kuona kila mahali. Kwa njia hiyo ule msukumo wetu wa kwenda mashariki hausaidii kitu, kwanza wakuvuta pembeni. Tena ilipanda na wenzake wengi kwenye roketi moja ya Falcon 9 kama matatu, kila mtu na nauli yake, ndo maana mradi mzima ukawezekana kwa shilingi milioni 50 hivi. Na pale Ngomeni hakuna roketi iliyoruka tangu 1988, hata aina ile waliyokuwa wakitumia, Scout, ilistaafishwa 1994. Kwa hivo hakuna aliyetupeleka mbali kwa ujinga. Lakini niambieni ni nani alikuja akatueleza hivi siku ile mzaha ulipokuwa wazunguka? Ilichukua dakika tano na pia ya mtoto! Siku ile tulipewa picha za viongozi wakipiga makofi na basi.

Kuna na ule wa "sasa watu wa kodi wataona nani kaezeka mabati mapya". Huo ni mwepesi, nukta moja ya picha ya Taifa-1 yafunika makumi ya mita, nyumba yako na ya jirani na kichochoro vyote ni rangi moja, bati lako halijulikani. Lakini hata huo ni swali la haki kabisa, nani atuangalia kutoka juu na aona nini.

Mzaha unaonichoma zaidi ni wa wazee, ule wa "jina letu, tuzo yao". Kwa asiyejua, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, Wamarekani na Waitaliano walirusha pale Ngomeni setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta nyota kwa miale ya eksirei, miale ambayo hewa yetu huizuia isifike chini kwa hivo lazima uifuate juu. Mama aliyesimamia mradi ule, Marjorie Townsend, akaiita Uhuru kwa ajili ya siku ile na nchi ile. Neno letu hili hili la Kiswahili. Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili ikatoa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya kile kitu kiitwacho Cygnus X-1 ndo vilivyowafanya wataalamu waanze kuamini kwamba pale pana shimo jeusi kweli, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki. Aliyeongoza utafiti, Riccardo Giacconi, akapewa Nobel mwaka 2002. Mzee aliposema "jina letu tuzo yao" vijana walicheka, na mimi nasema hapo pana hesabu ya kudai kabisa, si tuzo manake mtu alisoma akafanya kazi yake, lakini ni watoto wangapi wa Ngomeni waliingizwa kwenye ile elimu kwa miaka yote hiyo? Hilo nataka lijibiwe na wanaohusika na wasituambie tunapenda mzaha.

Nikiri jambo moja ambalo mwalimu alinishinda. Mzaha wa "kimbieni mkachukue vyuma" ni wa hatari. Vitu vinavyotoka angani vyaweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu kali, na mtu akisoma mzaha tu bila habari ataenda kushika. Hapo nakubali mia kwa mia, kwanza kaa mbali, ita polisi, halafu ucheke ukiwa umbali huo. Na wale wanaochukua mzaha wakaugeuza kuwa habari ya kweli wakausambaza, hao siwatetei hata kidogo.

NYONGEZA: Nimerudi manake ndugu mmoja ameniambia kwamba natetea uvivu, anayetaka kujua asome, asiyetaka acheke. Ndugu yangu, hebu nikueleze kwa nini jambo hili nalichukulia hivi. Nikiwa darasa la tano tulipelekwa pwani siku moja tukayaona yale majukwaa kwa mbali, mwalimu wa siku ile (si huyu wa barazani, na shule siitaji) akasema pale walikuwa wakirusha roketi. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Mwalimu, na ikikosea njia si itamwangukia mamangu akianika dagaa?" Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Nilichapwa viboko viwili vya mkononi mbele ya wenzangu kwa kuleta mchezo. Walahi sikuwa naleta mchezo, mamangu alikuwa aanika dagaa pale pale ufukweni. Jibu lake nimelijua nishakuwa mtu mzima na watoto wangu, kwamba zilielekezwa mashariki, baharini, kwa sababu ya watu kama mamangu. Ni sentensi moja tu! Na kutoka siku ile sikuuliza tena swali la sayansi darasani mpaka nikamaliza shule.

Kwa hivo anayeniambia asiyesoma acheke, mimi namwambia yule anayecheka ashasoma kichwa cha habari, ashafikiria, na ashaona pale pasipokaa sawa. Umjibu. Ukimkemea atanyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Mwalimu wetu kaondoka barazani hajakubali, lakini kabla ya kuinuka alimwomba mpwa wangu ile pia akaizungusha tena mwenyewe.

Sasa zamu yenu. Na kama kuna mtu humu wa Ngomeni ambaye babake ama babu yake alifanya kazi pale majukwaani, kupika, kubeba, kuendesha mashua, chochote, tafadhali atuandikie walichokuwa wakiambiwa kuhusu zile roketi, na kama waliwahi kuuliza swali wakajibiwa.