Zinki, titani au shaba: mkolezo upi kwa vishikio vya kuzuia bakteria?

MoldiMoja: Wakuu, salaam. Mteja wangu anataka vishikio vya plastiki vyenye kuzuia bakteria, na wiki hii lazima niagize mkolezo, yaani punje zilizojaa dawa za kuchanganya na plastiki ya kawaida. Msambazaji ana aina tatu, zote za chembe nano, yaani ndogo mno: oksidi ya zinki, oksidi ya titani na oksidi ya shaba. Karatasi zote zinasema "inaua 99%". Nitajieni moja tu, sina muda wa nadharia.

KemiaJioni: Umeuliza dawa bila kutaja ugonjwa, mkuu. Plastiki gani? Rangi gani? Vinakaa ndani au juani? Vinalowa au ni vikavu muda wote? Na hiyo 99% imepimwa kwa kipimo gani?

ShabaTupu: Shaba. Mjadala ufungwe. Mwaka 2008 EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ilisajili aloi za shaba kuwa zinaua bakteria. Zinki ina usajili kama huo?

KemiaJioni: Usajili huo ni wa aloi, yaani michanganyiko ya metali tupu. Pale uso mzima ni shaba. Kwenye plastiki unaweka asilimia chache za oksidi kwa uzito, na nyingi inazama ndani ambako bakteria hafiki. Usihamishe sifa za mlango wa shaba ukazibandika kwenye mlango wa plastiki.

ShabaTupu: Ioni, zile chembe za shaba zenye chaji zinazoua bakteria, zinatoka hadi juu, soma vizuri.

KemiaJioni: Zinatoka palipo na unyevu. Pakavu zinatokaje?

Mwangaza_tu: Mnaiacha titani kwa nini? Zinki na shaba zinapungua kadiri zinavyotoa ioni. Titani ni kichocheo, inafanya kazi bila kuisha. Wanasayansi wa Japani, Fujishima na Honda, walionyesha nguvu yake tangu 1972, ilipopasua maji kwa mwanga.

MoldiMoja: Naona kila mtu na timu yake. Plastiki ni polipropilini. Vishikio vinakaa ndani, korido na vyooni.

KemiaJioni: Basi titani itoe. Ile aina ya anatase inataka mionzi ya urujuanimno, mawimbi mafupi kuliko nanomita 388 hivi. Taa za LED za korido karibu hazina kabisa mionzi hiyo. Na hata ukiipeleka juani, haichagui: inakula bakteria na inakula plastiki yenyewe, uso unaanza kutoa vumbi jeupe kama chaki. Ndiyo maana titani ya rangi nyeupe tunayotumia kila siku ni rutile, aina nyingine ya titani, iliyovikwa alumina au silika, ili isifanye hicho anachosifia Mwangaza. Muulize msambazaji anakuuzia ipi, maana rutile iliyovikwa itakupa weupe tu.

Mwangaza_tu: Kuna titani zilizopandikizwa naitrojeni, zinatumia mwanga wa kawaida.

KemiaJioni: Zipo. Ziko kwenye orodha ya msambazaji wake?

Msagaji: Ngoja niseme la shaba, kwa sababu polipropilini imetajwa na ShabaTupu kanyamaza. Kiwanda nilichokuwa nafanya kazi kililetewa mkolezo wa oksidi ya shaba na msambazaji aliyeapa kwamba unaingia kwenye polipropilini yoyote. Vishikio vilitoka safi, cheti cha maabara kizuri, mteja akafurahi. Baada ya muda vishikio vikaanza kurudi. Kwanza vilipauka, kisha vikatoa nyufa nyembamba kwenye shingo, mwishowe vinakatika mkononi. Msambazaji akalaumu moto wa mashine. Tukashusha joto, hali ileile. Akalaumu malighafi, tukabadilisha, hali ileile. Aliyekuja kututoa gizani ni mzee mmoja wa nyaya za umeme: shaba inaharakisha kuoza kwa polipropilini kwa oksijeni, na wenye kuvika waya wa shaba wanajua siku nyingi, ndiyo maana wanaweka kiimarishi maalumu cha kuidhibiti shaba. Mkolezo wetu haukuwa nacho. Cheti kilipima bakteria, hakikupima uhai wa kishikio.

ShabaTupu: Kosa la mkolezo, si la shaba.

Msagaji: Mteja anayerudisha mzigo hajali tofauti hiyo.

dada_maabara: Kuhusu 99%: nina hakika ni ISO 22196, kipimo cha kimataifa cha bakteria kwenye plastiki. Unaweka tone la bakteria, unalifunika kwa filamu, unaliacha saa 24 kwenye nyuzi 35 na unyevu wa 90% au zaidi, halafu unalinganisha na plastiki ileile isiyo na dawa. Mazingira hayo ni mazuri mno kwa ioni. Kishikio cha korido ni kikavu na kinashikwa kila dakika. Matokeo si ya uongo, ila yamejibu swali jingine. Na mkolezo wa titani ulitakiwa upimwe kwa ISO 27447, yenye taa. Ukiona titani imepimwa gizani, shtuka.

PunjePunje: Kwani fedha haipo? Nano ya fedha inawazidi wote hao.

Msagaji: Hakuuliza fedha.

PunjePunje: Ninyi nano mnaivutaje? Vumbi hilo mapafuni je?

dada_maabara: Kwenye mkolezo chembe zimeshafungwa ndani ya punje. Hatari ni kwa anayechanganya unga mkavu mwenyewe. Asijaribu, tena zitashikamana mabonge, alipie nano apate unga wa kawaida.

MoldiMoja: Nilisahau, rangi ni nyeupe.

KemiaJioni: Mkuu! Oksidi ya shaba ya kawaida ni nyeusi, na aina yake nyingine ni nyekundu. Ungesema tangu mwanzo Msagaji asingehitaji kuhadithia. Zinki ni nyeupe, hata gizani inafanya kazi kiasi. Vyooni kwenye unyevu ningeijaribu. Korido sina imani na yoyote, na kote vifutwe tu kama kawaida.

ShabaTupu: Kwa hiyo unamwambia anunue kitu usichokiamini.

KemiaJioni: Namwambia aombe sampuli, atengeneze vishikio vyake, apime hivyo. Si kibao cha majaribio cha msambazaji.

MoldiMoja: Nimeongea na mteja, anasema rangi nyeusi pia sawa.

ShabaTupu: 😂😂

Msagaji: Uliza kiimarishi kwanza. Kwa maandishi.

PunjePunje: Samahani kwa kuingilia, kuna anayejua nailoni inakaushwa kwa saa ngapi kabla ya kuingizwa kwenye mashine? Yangu inatoa mapovu.